Aliyembeba Luqman

Kwa miaka minane Mwanatabu wa Mtongwe alisikiliza kisa kimoja, kutoka kwa mtu mmoja, mara moja kwa mwaka, na hakukichoka. Ilikuwa siku ya hitima ya mwanawe Rashad. Wasomaji wakishamaliza, na sinia za pilau zikisharudi jikoni zina mifupa mitupu, Luqman husimama kwa fimbo yake pale barazani akaeleza jinsi Rashad alivyombeba mgongoni asubuhi ile kambi yao ilipovamiwa ng'ambo ya mpaka, akamtua kwenye lori la majeruhi, kisha akarudi motoni asionekane tena akiwa hai.

Alisimulia vizuri, na tuseme kweli, kila mwaka alizidi kusimulia vizuri. Mwaka wa kwanza alilia katikati akashindwa kumaliza. Mwaka wa tatu alishajua pa kunyamaza. Kufikia mwaka wa saba hata watoto wa jirani walikuwa wakimsaidia: yeye akisema "nikahisi mikono," wao humalizia "ikaninyanyua kama kitoto!" Watu wa Mtongwe hawana haya katika mambo hayo. Hitima kwao ni hitima, lakini kisa kizuri nacho kina haki yake.

Luqman mwenyewe ni mtu wa Jomvu Kuu, wa ukoo mkongwe, na mguu wake wa kushoto uliachwa nusu katika hospitali ya kijeshi. Tangu alipotoka hospitalini hakuwahi kukosa Jumamosi nyumbani kwa Mwanatabu. Alivuka feri na kikapu cha kamba aliowanunua kwa wavuvi wa kwao, akaketi uani, akatengeneza kilichoharibika, akala, akaenda zake. Mtoto wake wa kwanza alimpa jina la Rashad. Mwanatabu alimpenda Luqman kwa pendo lisilo na hesabu, na hakuona aibu kusema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Lakini kisa kile kilikuwa na kazi nyingine kwake, ambayo hakumwambia mtu. Mwaka ule ule wa msiba, kwenye harusi moja huko Timbwani, mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchele alisema, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kwamba asubuhi ile askari wengi walitupa bunduki wakakimbilia vichakani, na kwamba waliokufa wengine walipigwa wakiwa wanakimbia. Mwanatabu aliinuka akavaa buibui lake akarudi nyumbani bila kuaga. Angejibu nini? Mwanawe alirudishwa ndani ya sanduku, na yeye mama akaambiwa asilifungue. Barua iliyokuja na sanduku ilikuwa na mistari mitatu. Hakuwa na kingine chochote mkononi ila maneno ya Luqman, na kila mwaka yalipokaribia kusahaulika alisikia tena: alimbeba, akamtua, akarudi. Hakukimbia mwanangu. Hakukimbia.

Mwaka huu wa nane, Nadira, dada yake Rashad, mwalimu wa shule, alipata wazo. Alichangisha ndugu na marafiki wakachimba kisima karibu na madrasa, kwa sababu maji ya mfereji Likoni ni ya kuotea, yakaja leo yakakatika wiki nzima. Kisima kiwe sadaka ya Rashad, na ukutani pawe na jiwe la marumaru. Maneno yalishachaguliwa: jina lake, na chini yake, "Aliyembeba mwenzake vitani." Fundi wa jiwe alikuwa akisubiri apewe ruhusa tu. Nadira akatengeneza tangazo la ufunguzi, akalipamba kwa picha ya Rashad akiwa na magwanda, akalituma kwenye simu za watu. Simu nazo, kama ujuavyo, hazina mipaka. Tangazo likazunguka, likafika kwenye kundi la askari wastaafu, na siku ya Alhamisi Nadira akapigiwa na mtu asiyemjua.

"Anasema anaitwa Dishon Tinga," Nadira alimwambia mamake. "Yuko Chaani, anachomelea vyuma. Anasema walikuwa kambi moja na kaka. Eti ana neno kuhusu jiwe, na hataki kulisema kwenye simu."

"Mwambie aje," Mwanatabu alijibu.

Hapa lazima tumzungumzie kidogo marehemu babake Mwanatabu, la sivyo mengine hayataeleweka. Watu walimwita Mzee Mwezi. Siku hizo, kabla simu hazijaingia kila mfuko, mtu wa upande ule wa Mtongwe aliyeuona mwezi mwandamo wa Ramadhani au wa Idi alipelekwa kwake kwanza, ahojiwe, kabla neno halijafika msikitini. Na wakija watatu aliwatenganisha: mmoja barazani, mmoja uani pamoja na wanawake, wa tatu akamtuma akasubiri njiani kwenye kiduka. Hakuwahi kuanza kwa kuuliza habari za mwezi. Aliuliza, ulikuwa unatoka wapi? Nani alikuwa kuliani kwako? Mbuzi walikuwa wamesharudi? Mtu akishazoea kujibu, ndipo Mzee Mwezi huinua kidole.

"Sasa huo mwezi. Uliuona, au ulijua?"

Maana mtu aliyefunga siku ishirini na tisa, na kanzu yake mpya imekwisha pigwa pasi, huuona mwezi hata penye wingu zito. Haongopi. Anajua tu kwamba unapaswa kuwa pale, na macho yanamfanyia hisani. Mzee hakuwakasirikia watu hao. Aliwapa kahawa akawarudisha makwao. Aliowakasirikia ni wale wawili waliokuja na maneno yaliyolingana neno kwa neno. Hao aliwauliza wamekutana njia gani. Lakini mmoja akisema mwezi ulikuwa juu ya minazi ya fulani, na mwenzake akisema hapana, ulikuwa ubavuni mwa mnara wa msikiti, Mzee alifurahi kabisa. Alivaa makubadhi yake akaenda kusimama aliposimama huyu, kisha aliposimama yule, akatazama.

Mwanatabu ndiye aliyekuwa akipeleka hiyo kahawa. Alilisikia swali lile tangu hajatoboa masikio. Na bado, kwa miaka minane, hakuwahi kumuuliza Luqman. Sababu aliijua, na ilimtia haya: aliogopa jibu.

Dishon alifika Jumamosi asubuhi, Mwanatabu akiwa uani anapika mafuta ya kukandia. Jumamosi ndiyo siku yake ya mafuta, na kina mama waliojifungua na wachukuzi wa bandarini huyajua mpaka Changamwe: mafuta ya nazi, karafuu, habasoda, na maganda ya ndimu yaliyokauka. Tena huyaacha motoni kidogo kupita kiasi mpaka yashike moshi. Wengine wamemwambia huko ni kuyaunguza. Yeye huwajibu wakapike yao.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu."

Aliyeingia alikuwa mtu mkubwa, mweusi tititi, bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Alipiga hatua mbili akasimama, akavuta pumzi, na machozi yakamlengalenga. "Shikamoo, mama," alisema. "Samahani. Hii harufu."

"Marahaba. Hii harufu ina nini?"

"Ndiyo yale mafuta, mama. Yaliyokuwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Rashad alinipaka asubuhi ile."

Chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa kweli, Mwanatabu mwenyewe aliiosha akaifunga kwa kitambaa. Alimpa kigoda. Nadira akatoka ndani akasimama mlangoni, mikono ameikunja, kwa sababu Nadira humhukumu mtu kwanza, halafu ndipo humkaribisha.

Dishon hakuzunguka. "Mama, sikuja kumvua Rashad chochote. Mungu ananiona. Lakini lile neno la kwenye jiwe si sawa. Luqman hakubebwa na Rashad. Nilimbeba mimi."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mwanatabu aliona hasira imempanda, hasira ya kweli, ya kutaka kumwambia mtu huyu atoke na asirudi. Nyuma ya hasira ilikuja hofu, na hofu ilikuwa na sauti ya mwanamke wa Timbwani. Kama Rashad hakumbeba Luqman, basi alikuwa wapi?

"Miaka minane ulikuwa umelala?" Nadira alifoka. "Mtu amekufa, hawezi kujibu, sasa ndiyo unakuja kudai?"

"Dada, nilipotoka hospitali nilisikia Luqman anasema alibebwa na Rashad. Nikasema, acha. Mama amepata cha kushika. Bega langu lina haja gani na kusifiwa?" Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini maneno ya mdomo ni upepo. Jiwe litakaa. Na Rashad, wallahi kama mnavyosema nyinyi, hakupenda kupewa kisicho chake. Hata uji akiongezwa kwa makosa alirudisha."

Hilo nalo lilikuwa kweli, tangu utotoni. Mwanatabu aliteremsha sufuria, akaketi mkabala na mgeni, akajisikia akiongea kwa sauti ya babake.

"Bega hilo uliliumiza vipi?"

Dishon alishangaa. Alitarajia kuulizwa risasi. "Siku moja kabla, mama. Tulikuwa tunashusha mapipa ya maji, moja likateleza, nikalizuia kwa bega. Usiku kucha sikulala. Alfajiri Rashad alikuwa anatoka kutawadha, mikono bado ina maji, akaniona nashindwa kuvaa. Akanikalisha juu ya gunia la mchanga akanikanda. Alinikanda kweli kweli, huku ananisema. Akaniambia nisijizoeshe, mafuta ya mamake hayapandi mpaka kwetu Kaloleni."

Mwanatabu alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kwani alimsikia mwanawe mzima mzima ndani ya maneno yale. Katika miaka minane ya kisa cha Luqman, Rashad hakuwahi hata mara moja kufanya mzaha. Alikuwa amebeba mtu na kurudi motoni, kila mwaka, kama sanamu. Huyu wa kando ya gunia la mchanga alikuwa ndiye mwanawe.

"Endelea," alisema.

Dishon aliendelea, na hakusimulia vizuri. Alirudi nyuma, alijisahihisha, alisema "hapana, hiyo ilikuwa baadaye." Mlipuko ulitokea langoni. Rashad na mwenzao Gedion walikimbilia handaki la kona, kwenye bunduki ya rashasha. Yeye Dishon alimkuta Luqman amelala kando ya jiko, mguu umekwenda, akamtupa mgongoni. Kulikuwa na manyunyu. Lori lilikuwa mbali kama hapa na msikitini.

"Manyunyu?" Nadira alidakia. "Luqman anasema kulikuwa na vumbi na jua kali! Na lori anasema lilikuwa nusu maili! Mama, unamsikia?"

"Namsikia," alisema Mwanatabu. "Mtu aliyelala chini na mtu aliyesimama hawaoni hewa moja. Na aliyebebwa mguu haupo, hatua hamsini kwake si nusu maili tu, ni kwenda Tanga." Akamgeukia Dishon, na swali lenyewe likawa zito kinywani mwake. "Na Rashad? Baada ya hapo?"

Dishon aligeuka akatazama sufuria. Mafuta yalikuwa yakitoa vipovu vya mwisho.

"Nilimwona akiingia kwenye lile handaki na Gedion. Hilo niliona kwa macho yangu. Nilimwona Gedion akianguka. Halafu nilikuwa nimewapa mgongo, mama, nina Luqman juu yangu. Nilisikia bunduki ya kona inalia nyuma yetu. Ikalia njia nzima. Tulipofika kwenye lori ilikuwa bado inalia. Lori lilipoondoka ikanyamaza."

"Aliyekuwa akiipiga ni Rashad. Uliona, au ulijua?"

"Nilisikia," alisema Dishon. Akainamisha kichwa. "Ningependa kukwambia niliona. Nimekuja feri nzima najiambia nitamwambia mama niliona. Sikuona. Siwezi kukuapia."

Na pale ndipo Mwanatabu alipomwamini mtu yule. Aliyekuja kujipatia sifa angekuwa ameona kila kitu.

Lakini kuamini ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine, na babake asingemsamehe kuhukumu kwa shahidi mmoja. Alitazama kivuli cha ukuta. Luqman huja mara tu baada ya adhuhuri. "Nadira, mpeleke ndugu yako akaone kisima," alisema. "Msirudi mpaka niwaite." Nadira alitaka kubisha juu ya hilo neno ndugu, akamwona mamake usoni, akachukua ushungi.

Luqman aliingia na kikapu chake, akasalimia, akavuta pumzi kama afanyavyo siku zote akifika uani, akaketi kumenya kamba. Mwanatabu alimwacha amenye kama ishirini hivi.

"Luqman. Yule aliyekubeba. Ulimwona, au ulijua?"

Luqman alitabasamu, akajiweka sawa, na sauti ya barazani ikamjia yenyewe. "Mamangu, nikahisi mikono—"

"Siyo hiyo. Hiyo naijua, na watoto wa jirani wanaijua. Nipe ile uliyokuwa nayo kabla hujaanza kuisimulia."

Ilikuwa kana kwamba amemwambia avue shati mbele ya watu. Luqman aliweka kamba chini. Alipoanza tena hakuwa msimulizi, alikuwa kijana wa Jomvu Kuu anayeongea na mama mtu.

"Sikumwona, mama. Mato yangu yalijaa damu na mchanga. Masikio yalikuwa yamekufa, nilisikia mlio mmoja tu, kama wa nzi. Sikuona wala kusikia. Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Utacheka."

"Sitacheka."

"Pua yangu ilikuwa shingoni mwake. Alinuka mafuta yako." Alionyesha sufuria kwa kidole chenye magamba ya kamba. "Karafuu na moshi. Katika kambi nzima ni Rashad tu aliyekuwa nayo. Nikasema moyoni, ni yeye, nimepona. Nitamwambia nani hayo? Nisimame mbele ya masheikh niseme shujaa nilimtambua kwa mafuta ya kukandia? Nikaruka hapo, nikasema nilimwona. Mwaka wa pili niliposema hivyo sikuona tena kama ni uongo. Nilikuwa nauona uso wake kabisa, anageuka ananitazama." Akaokota kamba mwingine. "Kwani wadhani kwa nini naja Jumamosi, mama? Ndiyo siku unayopika."

Mwanatabu aliketi chini, kwenye sakafu. Mtu mmoja asubuhi alikuwa ametaja bega na mafuta, bila kujua kama yana maana yoyote. Mtu wa pili mchana alikuwa ametaja shingo na harufu, na hakuwahi kumwambia mtu. Hawakuonana kwa miaka minane. Hata Mzee Mwezi angeinuka kwenda kuvaa makubadhi yake.

Alimweleza yote. Luqman alisikiliza akiwa ameishika fimbo kwa mikono miwili.

"Basi nimekudanganya," alisema. "Miaka minane, mbele ya watu, ndani ya nyumba yako. Nimekula chakula chako kwa deni lisilokuwa lako. Hata mwanangu—"

"Mwanao ana jina zuri na atabaki nalo. Hukunidanganya, ulijua, hukuona. Kosa ni langu. Mimi ndiye binti wa mtu aliyeuliza, na sikukuuliza kwa sababu nilipenda ulichosema." Alimshika mkono, magamba na yote. "Wewe ulikuwa na shukrani, ukaileta mlango uliodhani ndio. Mimi niliipokea na ikanilea. Sasa mwenyewe yuko kisimani."

Akamwita Nadira kwa sauti iliyovuka nyua mbili.

Dishon aliingia nyuma ya Nadira, na wanaume wale wawili wakatazamana kisha kila mmoja akatazama pengine. Mwanatabu hakuwangoja. Alichota mafuta yaliyokwisha poa kidogo, akayatia kwenye kibakuli, akakiweka mikononi mwa Luqman.

"Mkande," alisema. "Bega hilo halijapata mafuta tangu siku ile. Tazama lilivyoshuka."

Dishon alifungua vifungo vya shati akaketi kwenye kigoda, akampa Luqman mgongo. Luqman alisimama nyuma yake, fimbo ameiegemeza ukutani, akachovya vidole akaanza kukanda, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu. Harufu ilipanda. Akainama taratibu mpaka pua yake ikawa karibu na shingo ya Dishon, na akafumba macho. Mwanatabu na Nadira hawakutikisika.

"Ndiye," alisema Luqman, na kilio kikamkata. "Ndiye huyu, mama."

"Ulikuwa mzito, wewe," alisema Dishon bila kugeuka. "Na njia nzima ulikuwa unaita, Rashad, Rashad. Nikaitika."

"Uliitika?"

"Nilisema naam. Ungetulia vipi? Nilijua husikii, lakini niliitika tu."

Luqman alimkumbatia kwa nyuma, mikono ina mafuta, akamharibia shati lote. "Ahsante," alisema. "Ahsante, ndugu yangu. Imechelewa." Alirudia mara nyingi kuliko inavyohitajika, na Dishon alikuwa akigongagonga mkono wake taratibu na kusema haya, haya, yamekwisha. Hata Nadira aliligeukia sufuria kana kwamba lina jambo la kumwambia.

Mwanatabu alishukuru. Alimshukuru Mungu kwa sauti, mikono juu, hapo hapo uani, bila kutia udhu. Alishukuru kwa bega la Dishon na kwa uhai wa Luqman. Alishukuru zaidi kwa ile mikono yenye maji ya kutawadha, iliyomkanda mtu na kumtania, kwa sababu hiyo ilikuwa imeonwa, na sasa ilikuwa yake. Mafuta aliyoyapika yeye yalikuwa kwenye bega lililombeba Luqman, na bega lingewezaje kubeba kama halikukandwa? Mwanamke wa Timbwani alimjia akilini, na kwa mara ya kwanza hakutafuta la kumjibu. Bunduki ya kona ililia mpaka lori lilipoondoka. Aliyekuwa nyuma ya bunduki hiyo Mungu alimwona, na yeye Mwanatabu angeweza kusubiri kuambiwa.

Walikula kamba. Walipokwisha, Nadira alitoa simu. "Fundi wa jiwe ananiuliza, mama. Anataka kuanza leo." Akaifuta simu kwa ncha ya ushungi. "Lile la kubeba tunalitoa. Lakini tunaweza kuandika, 'Aliyebaki kwenye bunduki mpaka mwisho.' Ni nani mwingine angekuwa?"

Luqman na Dishon walimtazama Mwanatabu wote wawili. Neno lile lilikuwa tamu. Lilikaa kwenye ulimi wake akalionja, na angeweza kulimeza.

"Hilo hakuna aliyeliona," alisema.

"Basi tuandike nini?"

"Andika jina lake na la babake. Halafu andika: 'Asubuhi ya mwisho alimkanda mwenzake bega.'"

Nadira aliandika, akasoma tena kwa midomo bila sauti, akainua uso. "Mama, watu watakuja kuteka maji, watasoma hivi, hawataelewa. Watauliza."

"Waulize," alisema Mwanatabu, akampitishia Dishon sahani ya ndimu. "Waliokuwepo wako hai. Watawajibu."